Kumhasi beberu hakumalizi ubeberu: homoni, ubongo na kalenda ya zizi

Swali ninaloulizwa kuliko yote huku Chamwino, Dodoma, si la minyoo wala la homa ya mapafu. Ni hili: "Bwana mifugo, yule beberu nimemhasi, kende zimeshanyauka, mbona bado anapanda?" Mimi ni mwanamke, ila vijijini kila afisa mifugo ni bwana mifugo, nimeshazoea.

Jibu lake liko kichwani mwa mbuzi, na ukilielewa utajua pia lini uhasi, lini umwingize beberu kundini, na namna ya kumfanya mama akubali kitoto asichokizaa. Homoni za steroidi huandaa seli za ubongo, na kila maandalizi yana muda wake: mengine hufanyika tumboni kabla ya kuzaliwa, mengine huchukua wiki, mengine yanaacha mlango wazi kwa saa moja tu siku ya kuzaa. Anayefuga bila kujua muda huo anahangaika na fimbo.

Kinachotokea kichwani

Steroidi zote mwilini hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa mfugaji, nne ndizo za kuzijua: testosteroni ya korodani, estrojeni na projesteroni za ovari, na kotisoli inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Asili yake ni mafuta, kwa hiyo ngozi ya seli haizizuii. Zinapenya kama mafuta ya alizeti yanavyopenya karatasi iliyofungiwa maandazi. Insulini, homoni ya sukari isiyo steroidi, haiwezi hivyo, yenyewe hubisha hodi nje ya seli. Hata ule ukuta unaochuja damu isiingize kila kitu ubongoni, steroidi huupita.

Zikishaingia ndani ya seli hushikwa na kipokezi, protini iliyoumbwa kwa ajili ya homoni hiyo. Homoni na kipokezi chake huenda pamoja kwenye kiini, hukaa juu ya jeni fulani, na jeni hizo huanza kufanya kazi zaidi au hupunguza. Seli inatengeneza protini mpya, inaongeza vipokezi vingine, inaotesha viunganishi vipya na seli jirani. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, siku, hata wiki. Ipo pia njia ya haraka, ya dakika, inayopitia kwenye ngozi ya seli, lakini mengi unayoyaona zizini yanatokana na ile ya polepole.

Si kila seli ya ubongo ina vipokezi hivyo. Vimejazana kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayosimamia njaa, joto la mwili na uzazi, na kwenye amigdala, inayohusika na woga na hasira. Na seli ikishaandaliwa bado inasubiri kitu cha kuiamsha: harufu, sauti, umbo la jike. Mfunge beberu mwenye testosteroni tele chini ya mgunga, peke yake, utamwona anacheua tu. Mpitishie jike mwenye joto, yaani anayetaka dume, upande unakotoka upepo, halafu ushike kamba vizuri.

Kuna jambo moja ambalo wazee wakilisikia hucheka mpaka wanashika mbavu. Ndani ya ubongo wa beberu kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na sehemu kubwa ya hamu yake ya kupanda inatokana na estrojeni hiyo iliyotengenezwa humo humo. Homoni tunayoiita ya kike ndiyo inayomfanya apande ukuta wa zizi.

Kwamba ujumbe huu husafiri kwa damu tumelijua tangu 1849. Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga. Waliobaki bila korodani walikua wapole, upanga wa kichwani mdogo, hawawiki kijogoo. Waliopandikizwa korodani tumboni, mahali pasipo pake, waliwika, wakapigana na kuwafuata tetea kama kawaida. Alipowapasua alikuta korodani ile imeota mishipa mipya ya damu, wala haijaungana na neva zake za zamani.

Lini uhasi

Turudi kwa beberu anayepanda ilhali amehasiwa. Mzee mmoja wa upande wa Mvumi alinisimamisha njiani kwa jambo hilo.

"Mbukwenyi, mwanangu."

"Mbukwenyi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yule dume uliyembana kwa koleo, dawa yako haikufanya kazi."

"Imefanya, mzee. Alikuwa na umri gani tulipombana?"

"Alikuwa baba wa zizi zima."

Hapo ndipo penye jibu. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani, Charles Phoenix na wenzake, waliwapa simbilisi wenye mimba testosteroni. Watoto wa kike waliozaliwa walipokua walipanda wenzao kidume, na hata walipopewa homoni za kike hawakusimama vizuri kumpokea dume. Ubongo ulikuwa umeshapangwa tumboni. Homoni ya utu uzima inakuja kuamsha mpango uliowekwa kabla mnyama hajaona jua.

Beberu wako naye alizaliwa na ubongo uliopangwa kidume. Alipobalehe, testosteroni ikauamsha. Alipoanza kupanda, uzoefu ukakaza zile njia za neva. Unapomhasi, testosteroni kwenye damu hushuka upesi, ndani ya siku moja hivi, lakini protini na viunganishi vilivyojengwa kwa miezi haviondoki siku hiyo. Dume mzoefu anaweza kuendelea kupanda kwa miezi mingi. Kinachotangulia kupungua ni ile harufu na ile tabia ya kujikojolea ndevu na miguu ya mbele. Ugomvi hupoa baadaye. Kupanda ndiko hung'ang'ania.

Kwa hiyo hasi mapema. Mbuzi wetu wa kienyeji hubalehe upesi, vitoto vya miezi minne vinaweza kumpa mimba dada yao. Mimi hupendelea kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, kwa koleo la Burdizzo, ngozi isipasuliwe. Ushike mshipa wa mbegu wa upande mmoja, uubane peke yake, kisha wa pili, na mistari miwili ya mbano isikutane. Ikikutana damu haifiki chini na ngozi itaoza. Usibane chuchu. Mwite mtaalamu kama hujawahi kufanya, na mwulize kuhusu dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda. Dume aliyehasiwa akiwa mtu mzima mtenge na majike mwezi mmoja na nusu, kwa sababu mbegu zilizokwisha kupita mahali pa kubana bado zinaweza kutia mimba.

Mpango wa tumboni unaeleza na vituko vingine vya zizini. Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, yule jike zaidi ya mara tisa katika kumi huwa tasa, kwa kuwa damu zao zilichanganyika kwenye kondo la nyuma na homoni za dume zikamfikia. Frank Lillie wa Chicago alilieleza hilo mwaka 1916. Mtamba wa namna hiyo anaweza kukua na tabia za kidume. Muuze kwa nyama, usimlishe miaka mitatu ukisubiri mimba. Kwa mbuzi pacha hilo ni nadra, lakini ukipandisha mbuzi wa maziwa aina ya Saanen asiye na pembe kwa Saanen mwenzake asiye na pembe, unajitafutia huntha: kwa vinasaba ni jike, tabia ni ya beberu, maziwa hakuna. Mmoja kati ya wazazi awe na pembe.

Beberu ndiye saa ya majike

Hapa ndipo penye faida kubwa na ndipo wengi wanapopoteza. Wafugaji wengi wa Dodoma huacha beberu ndani ya kundi mwaka mzima. Matokeo yake vitoto vinadondoka mwezi wowote, vingine Septemba, wakati hata majani ya mgunga yamekwisha na mama hana maziwa.

Jike aliyeacha kuja kwenye joto, iwe kwa kiangazi au kwa kunyonyesha, anaweza kuamshwa na beberu mgeni. Testosteroni ya beberu huzifanya tezi za mafuta kichwani na shingoni zitoe harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitambua kemikali moja kwenye harufu hiyo, 4-ethiloktanali. Ajabu ni kwamba yenyewe inanukia kama jamii ya ndimu. Ikikaa hewani ndipo inageuka ule uvundo tunaoujua. Jike akiivuta puani, seli za haipothalamasi zinazoendesha uzazi huongeza mapigo ya ishara zake ndani ya dakika chache, ovari hupata ishara, yai huanza kukua, na yai linalokua ndilo linalotoa estrojeni. Beberu aliyehasiwa hana kemikali hiyo, ndiyo maana kumweka maksai kundini hakuamshi kitu.

Namna ya kufanya: mtoe beberu kundini wiki tatu au zaidi, mbali kiasi kwamba majike hawamwoni, hawamsikii, hawamnusi. Zizi la jirani wa ng'ambo ya korongo ni zuri kuliko kumfunga nyuma ya nyumba. Kama huna pa kumpeleka, badilishana na mfugaji mwingine. Beberu mgeni machoni pa majike huamsha vizuri kuliko yule waliyemzoea. Siku ya kumrudisha, mwingize asubuhi na umwache. Ukiwa na mashaka, chukua kitambaa, msugue nacho kisogoni na katikati ya pembe, ukifungie kwenye kopo, halafu siku chache kabla ya kumleta wape majike wakinuse. Utanuka mikono mpaka jioni, sabuni haisaidii.

Baada ya hapo kuwa mvumilivu. Wengine wataonyesha joto siku chache tu na kupandwa, kisha watarudia baada ya siku tano hadi saba. Usiseme beberu ni mbovu. Mzunguko wa kwanza mara nyingi huwa mfupi na mimba haishiki, wa pili ndio wenye uzito. Kwa kondoo hali ni tofauti kidogo: yai la kwanza hutoka kimya, bila joto lolote la kuonekana, kwa sababu ubongo wa kondoo unahitaji kupitiwa kwanza na projesteroni ndipo uitikie estrojeni. Wenye mchanganyiko wa mbuzi na kondoo, na ndio wengi huku kwetu, wasishangae mbuzi wakitangulia.

Miezi nayo lazima uipange. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ukitaka vitoto vizaliwe Januari wakati kuna majani mabichi, beberu aingie Agosti. Tatizo ni kwamba Agosti majike wamekonda, na ubongo wa jike aliyekonda haumsikilizi beberu. Mafuta ya mwili hutoa leptini, homoni isiyo steroidi, na hiyo ndiyo inayoiambia haipothalamasi kuwa akiba ipo. Isipoiambia, hata uvundo wa mabeberu kumi hautaamsha kitu. Wiki tatu kabla, anza kuwaongezea: mashudu ya alizeti, pumba, na maganda ya migunga uliyookota na kuhifadhi. Beberu mwenyewe anza kumlisha miezi miwili kabla, maana mbegu huchukua karibu muda huo kutengenezwa.

Kulitambua joto ni kazi ya macho. Mkia unatikiswa bila kukoma, uke umevimba na kuwa mwekundu, ute unaonekana, analia kama aliyepotelewa, anakojoa kidogo kidogo mbele ya beberu. Ile ya uhakika ni kusimama: beberu akimgusa ubavuni, hakimbii. Kusimama huko ni kazi ya estrojeni kwenye seli za haipothalamasi. Hudumu siku moja hadi mbili, na yai hutoka kuelekea mwisho wake, kwa hiyo ukimwona asubuhi mpandishe jioni na urudie kesho yake asubuhi.

Jike aliyetoka mnadani, iwe Msalato au kwingine, asipelekwe kwa beberu wiki hiyo. Amefungwa miguu, amepakiwa, amekaa juani bila maji. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko, imempanda, na ikikaa juu hupunguza yale mapigo ya haipothalamasi. Joto linachelewa au halionekani. Wiki tatu za kumtenga kwa ajili ya magonjwa zinatosha pia kumtuliza. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake huko New York walionyesha kuwa homoni za mfadhaiko hushikwa na seli za hipokampasi za panya, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali na matukio. Ndiyo sababu nawasisitizia watu: sindano na kuogesha vifanyike pembeni, kamwe si mlangoni pa zizi wala mahali pa kukamulia. Mbuzi hasahau pale alipoumizwa, utajionea mwenyewe unapomburuza kuingia kulala.

Kumbandika yatima

Mama amekufa ameacha kitoto, au amezaa watatu na maziwa ni ya wawili. Kuna jike mwingine anazaa leo. Usisubiri kesho.

Siku za mwisho za mimba projesteroni hushuka na estrojeni hupanda. Mabadiliko hayo huongeza vipokezi vya oksitosini, homoni ya uchungu wa kuzaa na ya kushusha maziwa, kwenye ubongo wa mama. Kitoto kinapopita, kule kutanuka kwa njia ya uzazi hupeleka ishara kwa neva hadi ubongoni, oksitosini inamwagika humo ndani, na mama ambaye jana alikuwa akikwepa maji ya uzazi leo anayatafuta kwa ulimi. Kwa dakika hizo anajifunza harufu ya mtoto. Dakika tano za kumlamba zinatosha kumfunga kwake. Mtoto akiondolewa mara tu baada ya kuzaliwa, asirudishwe mpaka baada ya saa moja au mbili, mara nyingi mama humkataa mtoto wake mwenyewe kwa pembe.

Fanya hivi. Mfunge yatima miguu legelege, ili atapetape kama aliyezaliwa sasa hivi. Akisimama na kukimbilia chuchu upesi mno, mama anashtuka. Chota maji ya uzazi yaliyomwagika, au futa kitoto kipya kwa mikono, umpake yatima mgongo, kichwa na hasa chini ya mkia, kwa sababu hapo ndipo mama hunusa kwanza. Mweke puani pake sambamba na mtoto halisi, au kabla hata huyo hajatoka kabisa. Kisha ondoka. Watu wanapenda kusimama pale kundi zima na tochi na maneno, mama akawa anatazama watu badala ya kulamba. Mimi hutazama tu kutoka kwenye miba ya boma, nimechuchumaa, hata simu nimeizima: anamnusa, anarudi nyuma, anatoa ule mlio mzito wa kooni ambao hautoi siku za kawaida, halafu ulimi unaanza kazi. Mlio huo ukiusikia, umeshinda. Hakikisha tu wote wawili wamepata dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa chache.

Kama kitoto cha huyo mama kimekufa, kichune, umvalishe yatima ngozi kama koti, matundu manne ya miguu. Baada ya siku mbili tatu, maziwa ya mama yakishapita tumboni mwa yatima na kinyesi chake kunuka kama cha nyumbani, anza kuikata ngozi, nyuma ukiiacha mwisho. Ikianza kuoza iondoe hata kama hujaridhika.

Ikishindikana kabisa, kitoto kitalelewa kwa chupa na watoto wa nyumbani. Kwa jike hakuna neno. Kwa dume, angalia sana. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambamo kondoo walilea vitoto vya mbuzi na mbuzi wakalea vya kondoo. Madume walipokua waliwataka majike wa aina ya mama mlezi, na hata walipoishi miaka mitatu na wenzao wa asili, hawakubadilika sana. Majike walibadilika mapema. Kidume aliyenyonya chupa mkononi mwa mwanao ameshajifunza kwamba ninyi ndio kundi lake. Testosteroni ikiamka, mwanao atakuwa mpinzani wa kupigwa pembe. Mlishe, lakini alale na mbuzi wenzake kuanzia wiki ya kwanza, chupa ifungwe kwenye ua badala ya kushikwa mkononi, na mwezi wa pili ukifika niite nije na koleo.